Kileo na Usomi Chini ya Mlima Meru

Kila mwaka watoto wetu wa Tanga, Pangani, Bagamoyo na Unguja hufunga mizigo yao wakapanda mabasi kwenda bara kutafuta elimu. Wengi wao huteremkia Arusha. Mji ule umezungukwa na vyuo. Kipo Chuo cha Ufundi kilichoanza 1978, kipo Chuo cha Uhasibu kule Njiro, ipo Makumira iliyoanzishwa na Walutheri 1947, na huko Tengeru ipo Taasisi ya Nelson Mandela. Mzazi humsindikiza mwanawe kwa dua na ubani, na pengine ameuza minazi au kipande cha shamba ili ada ipatikane.

Habari zinazorudi nyumbani, hata hivyo, si za masomo peke yake. Tunasikia juu ya karamu za kuwakaribisha wanafunzi wapya ambazo humalizika alfajiri, na juu ya madansi ya mwisho wa juma. Tunasikia pia juu ya siku ile inapotoka fedha ya Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi wenyewe huiita "bumu", jinsi baa zinavyojaa usiku huo. Kijana akiulizwa, huwa na majibu mawili. La kwanza ni kwamba pombe ni mila ya watu wa kule, na mgeni hufuata desturi za wenyeji. La pili ni kwamba ndiyo maisha ya msomi wa kisasa. Majibu haya mawili tuyapime kwa mizani ya historia, kabla hata hatujafika kwenye hukumu ya dini.

Ama hilo la mila, ni kweli kwamba watu wa Mlima Meru walipika pombe tangu zamani. Wameru, kama jirani zao Wachaga, walitumia ndizi na ulezi, na Wamasai wa tambarare walitengeneza kileo cha asali. Lakini tuulize, ni nani aliyekuwa akinywa, na wakati gani? Kilikuwa kinywaji cha wazee. Kilitolewa kwenye mahari, kwenye tambiko, na pale wazee walipokaa kumaliza ugomvi wa mipaka au wa ng'ombe. Miongoni mwa Wamasai morani alikatazwa kileo kabisa mpaka atoke katika rika la ujana, kwa sababu ndiye mlinzi wa mifugo na wa watu, na mlinzi hawezi kulinda wengine ilhali amepoteza akili. Waarusha nao, ambao lugha yao ni ile ya Kimasai, waliishi kwa utaratibu wa marika, na kila rika lilikuwa na haki zake na miiko yake. Basi kijana wa miaka ishirini anayelewa katika mabaa ya Arusha hafuati mila ya mlima. Wazee wa zamani wa mlima ule wangemshangaa.

Hapa yatupasa sisi watu wa pwani tuseme kweli. Tusije tukawanyoshea kidole watu wa bara kana kwamba ulevi umezaliwa kwao. Tembo la mnazi limegemwa katika mwambao wetu kwa karne nyingi, na ndiyo maana lugha yetu wenyewe ina methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Misikiti yetu ilisimama, na minazi ya wagema ikasimama si mbali nayo. Hivyo mtoto wetu akianguka hatuna haki ya kuwalaumu wenyeji waliompokea.

Ama jibu la pili, kwamba kileo ni alama ya usomi, nalo lina historia yake, na historia hiyo ni ya kusikitisha. Mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakigawana Afrika, yalikubaliana katika mkataba wa Brussels wa 1890, na tena katika ule wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919, kuzuia pombe kali zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Wazungu wenyewe walijiruhusu. Baa yao na klabu yao ikawa mahali pa rangi moja, na chupa ikawa alama ya bwana. Viwanda vya bia vikaanzishwa, Nairobi 1922 na Dar es Salaam katika miaka ya 1930. Vizuizi vilipolegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wengi waliosoma waliipokea chupa ile kama cheti cha usawa. Mtu aliyeketi na bia ya chupa mbele yake alikuwa akisema, "Na mimi ni mtu." Kutaka usawa lilikuwa jambo la haki. Masikitiko ni kwamba katika mengi aliyokuwa nayo mtawala, lililoigwa upesi kuliko yote ni lile la kuondoa akili.

Na baada ya Uhuru mambo hayakubadilika sana. Mwaka 1967, mji huu wa Arusha ulipotoa jina lake kwa Azimio la Ujamaa na Kujitegemea, kampuni ya bia ilikuwa miongoni mwa zile ambazo serikali ilichukua hisa zake, na mwaka 1993 nusu ikauzwa kwa watu wa Afrika Kusini. Mji wenyewe ukakua kwa ugeni. Yalikuja makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakaja watalii, na kuanzia 1995 ikaja Mahakama ya Rwanda pamoja na watumishi wake wa mataifa mengi. Mahoteli na kumbi za starehe zikafuata fedha zao. Kisha ikaja pombe kali ya vifuko, ile "viroba", ambayo kwa bei yake ndogo mwanafunzi aliweza kuificha mfukoni, mpaka serikali ilipoipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Wenye kuuza walimfuata kijana alipo. Hayo ndiyo maisha ya kisasa anayojivunia.

Kama kijana anataka kumjua msomi wa kweli wa Meru, na asome habari za 1951. Mwaka huo serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao elfu tatu kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Watu wale, wengi wao wakiwa hawajui kusoma, walichanga fedha zao wakamtuma mwenzao aliyesoma, Kirilo Japhet, aende New York kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1952 akawasemee, akiwa pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ikajifunza. Hiyo ndiyo maana ya kusomeshwa. Msomi ni mtu aliyebebwa na senti za wengi, na akili yake ni amana yao. Je, ada ya mtoto wetu iliyotokana na minazi ya babu yake si amana ya namna hiyo hiyo?

Tukija kwenye dini, jambo liko wazi. Mwenyezi Mungu Mtukufu aliwaongoza Waislamu wa mwanzo hatua kwa hatua. Katika Suratul Baqara (2:219) aliwajulisha kwamba madhara ya ulevi ni makubwa kuliko faida yake. Katika Suratun Nisaa (4:43) aliwakataza wasiikaribie sala nao wamelewa. Mwisho, katika Suratul Maida (5:90-91), aliuharimisha kabisa, akabainisha kwamba Shetani hutaka kwa njia hiyo kutia uadui baina ya watu na kuwazuilia sala. Na kumbukeni ni nani aliyekuwa akiwamiminia watu siku ile Madina. Alikuwa Anas bin Malik, kijana mdogo, akihudumia wageni nyumbani kwa Abu Talha. Mpiga mbiu alipopita, aliambiwa akamwage, naye akamwaga pale pale, na kileo kikatiririka katika vichochoro vya mji. Hakuomba amalize karamu kwanza. Kijana yule aliishi akawa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa Hadithi za Mtume (S.A.W.).

Elimu ya leo nayo imefika hapo hapo baada ya safari ndefu. Mwaka 1988 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani waliihesabu pombe kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2023 Shirika hilo likatangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

Wazazi wenzangu, lawama peke yake haitoshi. Mtoto anayefika mji wa baridi asikomjua mtu hutafuta watu wa kukaa nao, na mara nyingi wa kwanza kumfungulia mlango ni wenye karamu. Kabla hajaondoka, tumtafutie jamaa au familia ya Kiislamu kule, na msikiti ulio karibu na chuo chake. Tumwonyeshe kwamba hatakuwa peke yake katika kujizuia, maana Chuo Kikuu cha Arusha kule Usa River ni cha Wasabato, ambao dini yao nao inawakataza pombe. Tumpigie simu siku inapotoka bumu, si siku ya matokeo ya mitihani tu. Na sisi wenyewe tujitazame. Mtume (S.A.W.) hakumlaani mnywaji peke yake. Aliwataja watu kumi, akiwamo mwenye kuuza, mwenye kuchukua na mwenye kula thamani yake. Mwenye nyumba ya pwani anayeipangisha kwa baa, kisha akalia kwamba mwanawe amelewa Arusha, kilio chake akianzie kwenye kodi anayopokea.

Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu wanaosafiri kutafuta elimu, awarudishe kwetu na akili zao na dini yao, na atujaalie sisi wazazi kuwa mfano wanaoweza kuufuata. Amin.