Sukuma-vuta: mimea miwili inayolinda mahindi dhidi ya funza na kiduha

Mahindi yanaweza kuota vizuri, mvua ikanyesha kwa wakati, na bado mkulima akaambulia magunzi. Kwa wakulima wengi wanaoizunguka Ziwa Victoria, maadui wakubwa ni wawili: funza wanaotoboa mabua, na kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi kupitia mizizi.

Sukuma-vuta ni njia ya kilimo inayopambana na wote wawili kwa pamoja, bila kupiga dawa. Inategemea mimea miwili tu inayopandwa pamoja na mahindi. Wakulima walianza kuitumia mashambani mwao mwaka 1997, na matokeo yake yamepimwa mara nyingi. Lakini mashamba mengi bado hayana. Sababu zenyewe si za maabara.

Ilikotoka

Njia hii ilibuniwa na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao makuu Nairobi. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Thomas Odhiambo.

Miaka ya 1990, timu ya Zeyaur Khan ilikuwa ikifanya kazi Mbita, kando ya ziwa huko Homa Bay. Ilishirikiana na John Pickett wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Walijaribu nyasi na mimea ya aina nyingi wakitafuta vitu viwili: mmea ambao nondo anayezaa funza wa mabua anaupenda kuliko mahindi, na mmea ambao hapendi hata kuukaribia.

Inavyofanya kazi

Desmodiamu, mmea unaotambaa wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Nepia, zile nyasi ndefu ambazo wengine huziita mabingobingo, hupandwa kuzunguka shamba.

Kwa maelezo ya waliobuni njia hii, harufu ya desmodiamu humsukuma nondo atoke kwenye mahindi. Harufu ya nepia, ambayo huongezeka giza linapoingia, humvuta pembeni. Anafika pale anataga mayai. Hapo ndipo penye mtego: funza wakianza kutoboa, nepia hutoa utomvu unaonata, na wengi wao hufa kabla ya kukomaa. Mahindi yanabaki salama katikati.

Wapo pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili ya funza na kuwaua. Wadudu hawa hawamuumi mkulima wala hawali mahindi. Shamba likipigwa dawa ya kuua wadudu, nao huenda na maji.

Kiduha kilivyonaswa

Desmodiamu ililetwa shambani kwa ajili ya nondo. Kumbe ilikuwa na kazi nyingine. Kwenye majaribio ya Mbita, watafiti waliona kiduha kikipungua sana kila mahali desmodiamu ilipopandwa.

Kiduha si gugu la kung'oa tu ukamaliza. Mche mmoja hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa mahindi, mtama au uwele. Siku unapoona ua lake juu ya ardhi, huko chini kimeshanyonya mahindi kwa wiki kadhaa.

Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za aina mbili. Baadhi huamsha mbegu za kiduha ziote. Nyingine huzizuia zisijishike kwenye mzizi wa mahindi. Mbegu iliyoota ikakosa mzizi wa kunyonya hufa. Kwa hiyo kila msimu akiba ya mbegu udongoni inapungua, kitu ambacho jembe peke yake haliwezi.

Juu ya hayo, desmodiamu huongeza naitrojeni kwenye udongo na kuufunika usikauke haraka. Mimea yote miwili ni malisho mazuri. Mwenye ng'ombe wa maziwa anapata majani karibu na nyumbani, na samadi inarudi shambani. Kwa mujibu wa icipe, mashamba yaliyokuwa yakitoa chini ya tani 1 ya mahindi kwa hekta yamefikia takriban tani 3.5.

Viwavijeshi vamizi walipoingia

Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza, na muda si mrefu wakawa Kenya, Uganda na Tanzania. Wakati huo icipe ilikuwa tayari na aina ya sukuma-vuta inayostahimili ukame zaidi, inayotumia nyasi za brakiaria badala ya nepia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wakulima 250 katika nchi hizo tatu, ulikuta viwavi kwa kila mmea wamepungua kwa asilimia 82.7 ukilinganisha na mashamba ya mahindi peke yake. Mavuno yalikuwa mara 2.7.

Wanasayansi bado wanabishana

Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi za Kilimo cha Sweden na wenzao walichapisha matokeo tofauti. Walisema desmodiamu haimfukuzi nondo kwa harufu kama ilivyoaminika. Badala yake vinyweleo vyake vyenye ndoano huwanasa na kuwatoboa viwavi wadogo wanaopita juu yake. Watafiti wengine waliopima hewa kwenye mashamba halisi wameikuta harufu hiyo ya desmodiamu. Mjadala unahusu jinsi inavyofanya kazi. Kupungua kwa wadudu shambani ni jambo lingine, na hilo limeonekana.

Kinachokwamisha

Cha kwanza ni mbegu. Desmodiamu haipatikani kila duka la pembejeo, na ikipatikana bei yake si ya mchezo. Njia inayosaidia ni kukata mashina ya desmodiamu ya jirani na kuyapanda, kwani huota.

Cha pili ni kazi ya msimu wa kwanza. Desmodiamu ikiwa changa hukua polepole na inataka palizi ya makini, la sivyo magugu yanaifunika. Ikishashika, hukaa miaka kadhaa.

Cha tatu ni ardhi. Mimea hii inalipa mwaka wa pili na kuendelea. Anayekodi shamba kwa msimu mmoja anapanda, halafu anayefaidi ni mwenye shamba. Na pale mifugo inapoachiwa kuzurura baada ya mavuno, desmodiamu huliwa hadi mizizi.

Cha nne ni maharage. Familia nyingi huyapanda katikati ya mahindi, na nafasi hiyo ndiyo inayochukuliwa na desmodiamu. Watafiti wameonyesha kwamba maharage yanaweza kuwekwa kwenye mstari wa mahindi, lakini mkulima lazima afundishwe.

Kuna pia ugonjwa wa kudumaa unaoshambulia nepia magharibi mwa Kenya. Ni bora kutafuta aina inayoustahimili, na kutochukua vipando kwenye shamba lenye nepia ya manjano iliyodumaa.

Mwenye shamba lake na anayetaka kujaribu halazimiki kugeuza ekari nzima. Kipande kidogo, pale kiduha kilipozidi, kinatosha kwa kuanzia. Mashina ya kupanua sehemu iliyobaki yatatoka hapo hapo.