Je, Dini Imeleta Madhara Kuliko Mema?



Swali hili hutufikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa vijana waliosoma. Desturi yetu sisi wahubiri ni kulijibu upesi, kwa kutaja shule, zahanati na nyumba za yatima. Leo hatutajibu hivyo. Tutakwenda kwa jirani zetu wa Rwanda, kwa maana huko swali hili liliulizwa kwa mapanga.

Mwaka 1994 sikukuu ya Pasaka iliangukia tarehe 3 Aprili. Makanisa yalijaa, Aleluya ikaimbwa. Siku ya tatu yake, tarehe 6, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa mjini Kigali, na mauaji ya Watutsi yakaanza. Kwa muda wa siku mia moja hivi walikufa watu ambao Umoja wa Mataifa hukadiria kuwa 800,000, wakiwamo Wahutu waliokataa kushiriki. Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja. Zaidi ya nusu ya wananchi wa nchi ile walikuwa Wakatoliki. Basi aliyeua na aliyeuawa, mara nyingi, walikuwa wamepiga magoti mbele ya altare moja Jumapili ile.

Mbegu ilipandwa zamani. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Save mwaka 1900, wakatafuta urafiki wa ikulu. Mfalme Musinga, aliyekataa ubatizo, aliondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, Askofu Léon Classe akiunga mkono. Mwanawe Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Watu walimiminika kubatizwa, na taarifa zilizokwenda Ulaya zilijaa furaha. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulianza kumwandikia kila mtu kabila lake katika kitambulisho, na shule za misheni ziliwapendelea watoto wa watawala wa Kitutsi. Baadaye, miaka ya 1950, upendeleo ukageukia upande wa Wahutu. Ukabila haukuguswa, waliopendelewa ndio waliobadilishwa. Tena Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Mchungaji aliyekula meza moja na watawala angewakemea kwa sauti gani?

Kwa nini watu walikimbilia makanisani? Kwa sababu katika machafuko ya mwaka 1959 na ya miaka iliyofuata, waliofika kanisani mara nyingi walisalimika. Safari hii wakafuatwa humohumo: Ntarama, Nyamata, na kwingineko. Parokiani Nyange, tarehe 16 Aprili, kanisa lilibomolewa kwa tingatinga la kutengenezea barabara, likiwaangukia watu wasiopungua 1,500. Padre wa hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha: miaka 15 mwaka 2006, na baada ya rufani, mwaka 2008, kifungo cha maisha.

Wengine hutuambia: "Wale hawakuwa Wakristo wa kweli." Ndugu zangu, jibu hilo ni rahisi mno. Tulipowahesabu katika taarifa zetu walikuwa waumini. Hatuna ruhusa ya kuwafuta daftarini siku walipoua. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema kwamba Kanisa lenyewe haliwezi kubebeshwa makosa ya wana wake waliotenda kinyume cha Injili. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake, mapadre na watawa wakiwamo. Maneno haya ya pili yalikawia, lakini yalihitajika.

Hata hivyo daftari hilohilo lina jina la Félicité Niyitegeka, mlei aliyejiweka wakfu, aliyekuwa akihudumu Gisenyi. Yeye alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka mpaka kuingia Zaire. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe. Akajibu kwamba hawezi kuwaacha watu wake, akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili. Na Waislamu, waliokuwa wachache na waliodharauliwa kwa muda mrefu, wengi wao wasemaji wa Kiswahili hiki chetu, walisifiwa baadaye kwa namna wengi wao walivyowaficha jirani zao. Hawakuwa na kiti mezani pa watawala. Huenda hilo liliwasaidia kuuona uso wa jirani.

Tukiulizwa leo, basi, kama dini imedhuru kuliko kufaa, hatutaweka zahanati upande mmoja wa mizani na Nyange upande wa pili. Marehemu wa Nyange hawalipwi kwa zahanati.

Nyange hiyohiyo, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wale hawakutaja dini yoyote. Walijibu kwamba wote ni Wanyarwanda, wakabaki walipokuwa wameketi. Sita waliuawa usiku ule.