Plagi na chujio la hewa: vipuri vidogo vinavyoamua umri wa injini ya turbo

Jumamosi asubuhi mtaani Jericho, mashariki mwa jiji la Nairobi, boneti za magari huanza kufunguliwa mapema. Mtaa huu mkongwe uliojengwa na baraza la jiji uko jirani na Makadara, Maringo na Buruburu, na kama ilivyo kote Eastlands, fundi wa jua kali hahitaji jengo. Kivuli cha mti, sanduku la spana na wateja wanaomwamini humtosha.

Kati ya magari yanayosubiri zamu, ni nadra kukosa Subaru Impreza yenye turbo. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili yalikolezwa na mbio za Safari Rally, ambapo Patrick Njiru aliendesha magari ya Subaru katika miaka ya 1990, na mwaka wa 1997 Colin McRae akaibuka mshindi akiwa na Impreza. Watoto waliosimama kando ya barabara wakimezwa na vumbi ili kuyaona magari hayo, leo ni watu wazima wanaoagiza gari la aina hiyo hiyo kutoka Japani, likiwa limekwisha kutumika.

Tatizo ni kwamba gari hilo hutunzwa kana kwamba ni Corolla ya kwendea kazini. Fundi hubadilisha mafuta ya injini, hupuliza chujio la hewa kwa mashine ya upepo, husugua plagi kwa brashi ya waya na kuzirudisha, kisha mwenye gari hulipa na kuondoka. Katika injini ya kawaida mazoea hayo huvumilika. Katika injini yenye turbo, yanaweza kuvunja pistoni.

Yafaa kueleza sababu. Injini ya EJ20, iliyoanza kutumiwa mwaka wa 1989 na kukomeshwa mwaka wa 2019, ina ukubwa wa lita 2 tu, lakini katika magari ya STI yaliyouzwa Japani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. Nguvu hizo hutokana na turbo, ambayo huishindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo huwa nyingi, na joto na shinikizo hupanda. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi hutakiwa kutoa cheche 50 kwa sekunde katikati ya tufani hiyo, bila kukosa hata moja.

Isitoshe, injini za Japani zilirekebishwa kiwandani kwa petroli ya daraja la juu ya nchi hiyo, yenye oktani ipatayo 100. Petroli ya kawaida katika vituo vya Kenya iko chini ya hapo. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa huwa mwepesi wa kulipuka wenyewe kabla ya wakati, jambo ambalo mafundi huliita kugonga kwa injini. Kompyuta ya gari husikia mgongano huo na kujaribu kuuzuia, lakini uwezo wake una kikomo. Injini hii, basi, imefika Nairobi ikiwa tayari imepunguziwa kinga, na haina nafasi ya kusamehe plagi isiyofaa.

Tuanze na hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kuliko la Mombasa kwa karibu moja kwa tano. Ili kutoa nguvu zile zile, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Chujio lililoziba humwongezea mchovu mzigo.

Hata hivyo, kazi kubwa ya chujio si kupitisha hewa bali ni kuzuia vumbi. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga, nazo ni ngumu kuliko metali nyingi zilizomo ndani ya injini. Chembe zinazopenya hugonga mapanga ya turbo, hukwaruza kuta za silinda na kuzila ringi za pistoni. Mwenye gari huja kutambua baadaye sana, moshi wa buluu unapotoka nyuma na mafuta ya injini yanapopungua kila wiki. Hapo dawa si chujio jipya tena.

Ndiyo maana kupuliza chujio la karatasi kwa mashine ya upepo ni uchumi wa uongo. Upepo wenye nguvu hupanua vinyweleo vya karatasi na kuacha vitundu visivyoonekana kwa urahisi. Kama hapana budi, upepo uwe wa polepole na upulizwe kutoka upande wa ndani kwenda nje, kisha tochi iwashwe nyuma ya chujio mahali penye giza. Mwanga ukipenya mahali pamoja kama nyota, chujio hilo ni la kutupwa. Kuliosha chujio la karatasi kwa petroli, kama tunavyoona wengine wakifanya, ni kuliua kabisa.

Kwa anayeishi Eastlands na kusafiri mashambani mwisho wa juma, yafaa chujio lichunguzwe kila kilomita 5,000 na kubadilishwa kati ya 10,000 na 15,000, hata kama kitabu cha gari kinaruhusu masafa marefu zaidi. Kitabu hicho kiliandikiwa barabara za lami za Japani.

Wakati wa kubadilisha, kazi isiishie kwenye chujio lenyewe. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya chujio. Kikitoka na vumbi, mpira wa ukingoni haukukaa sawa au klipu za kasha zimevunjika, na hewa imekuwa ikipita pembeni kwa muda usiojulikana. Kosa hili huonekana zaidi katika magari yaliyofunguliwa mara nyingi na mikono yenye haraka.

Kuna pia machujio ya umbo la koni yanayokaa wazi ndani ya boneti bila kasha. Vijana huyapenda kwa mlio wake wa kufyonza hewa, na hakuna ubishi kwamba mlio huo unapendeza. Lakini koni lisilokingwa hufyonza hewa moto iliyozunguka injini, na hewa moto ndiyo inayokaribisha kugonga. Baadhi ya machujio hayo ni ya pamba iliyopakwa mafuta. Yakipakwa kupita kiasi, mafuta huruka na kushika kwenye kihisio kinachopima hewa inayoingia. Kihisio kikidanganyika, kompyuta hupima petroli kimakosa, na injini iliyopungukiwa petroli wakati turbo inasukuma kwa nguvu zote iko hatarini. Kasha la kiwandani lenye chujio zuri linatosha kabisa kwa gari ambalo halijaongezwa nguvu.

Plagi ndizo zenye mengi ya kusema.

Jambo la kwanza ni daraja la joto. Plagi hupaswa kuwa na joto la kutosha kuteketeza masizi yake yenyewe, yaani kuanzia nyuzi 450 hivi za Selsiasi, lakini isifikie nyuzi 800 na ushei, ambapo ncha yake huwaka kama kaa na kulipua petroli kabla ya cheche. Katika plagi za NGK, kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyopoteza joto kwa haraka. Kwa hiyo 7 ni baridi kuliko 6. Denso hutumia hesabu nyingine: 20 yao hukaribiana na 6 ya NGK, na 22 hukaribiana na 7. Bosch huhesabu kinyume, nambari kubwa ikimaanisha plagi ya moto zaidi. Ununuzi wa kubahatisha kwa kulinganisha nambari za kampuni mbili umewagharimu wengi.

EJ20 ya turbo ambayo haijaguswa hutumia daraja la 6 la NGK. Ikiwa shinikizo la turbo limeongezwa, wataalamu hushuka hatua moja hadi 7. Wapo wanaokimbilia 8 kwa kuwa ndiyo ya magari ya mashindano. Gari hilo likikwama saa nzima katika msongamano wa Jogoo Road, plagi hizo hazipati joto la kujisafisha, masizi hujaa, na injini huanza kukohoa kabla ya kufika mjini.

Jambo la pili ni mwanya kati ya elektrodi. Shinikizo likiwa kubwa, cheche hupata shida kuruka mwanya mpana. Injini hizi huhitaji mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8, ilhali plagi iliyochakaa huwa imepanuka zaidi ya hapo. Ndiyo sababu gari hutulia vizuri likiwa limesimama, kisha hushtuka na kukatakata linapopanda mlima turbo ikiwa imefunguka. Wengi hushuku pampu ya petroli, hununua nyingine, na ugonjwa hubaki pale pale.

Plagi za platini na iridiamu zina ncha nyembamba mno, milimita 0.6 au hata 0.4. Brashi ya waya huiharibu ncha hiyo na kuacha mabaki ya metali kwenye kauri, ambayo baadaye hupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Plagi ya namna hii haisuguliwi. Ikichakaa hubadilishwa. Ingawa watengenezaji huzipa umri wa karibu kilomita 100,000 katika hali nzuri, kwa gari la turbo lililonunuliwa mtumba, ambalo hujui plagi zake ziliwekwa lini, busara ni kuzibadilisha mara moja na kuanza hesabu upya.

Kazi yenyewe si rahisi kama ya Corolla. Silinda za Subaru zimelala kwa ubavu, mbili kila upande, na plagi zimetazamana na kuta za chasisi kwa nafasi isiyozidi kiganja cha mkono. Katika Impreza, upande wa kushoto hutolewa betri na tangi la maji ya kioo, na upande wa kulia hutolewa kasha la chujio la hewa. Hii ndiyo sababu nzuri ya kufanya kazi zote mbili siku moja.

Injini iachwe ipoe kabisa, kwa kuwa kichwa cha silinda ni cha alumini na thredi zake hung'oka kwa urahisi zikiwa moto. Waya hasi wa betri utolewe kwanza. Baada ya kuondoa koili, pulizia shimo la plagi upepo kabla ya kuifungua, la sivyo mchanga uliolala hapo utaangukia ndani ya silinda. Soketi ni ya milimita 16, yenye mpira ndani wa kushika plagi.

Kila plagi inayotoka iwekwe mezani kwa mpangilio wa silinda yake. Huko mbele kulia ni silinda ya 1, mbele kushoto ya 2, nyuma kulia ya 3 na nyuma kushoto ya 4. Mafundi wengi huzitupa zote ndani ya kopo, na kwa kufanya hivyo huutupa ushahidi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli kuzidi au hewa kupungua, na mara nyingi chujio ndilo mshukiwa. Weusi wenye unyevu wa mafuta huashiria ringi au mipira ya valvu. Kauri nyeupe yenye malengelenge, au vidoadoa vidogo vinavyometa kama vumbi la fedha, ni onyo kali: silinda hiyo inaungua au inagonga, na vidoa hivyo vyaweza kuwa ni pistoni yenyewe inayoyeyuka. Gari lenye plagi ya namna hiyo lisiendeshwe kwa kasi hadi chanzo kijulikane, hata likiwekewa plagi mpya nne.

Plagi mpya huanzishwa kwa vidole au kwa kipande cha mpira, si kwa spana, ili isiingie kombo. Ikishafika mwisho kwa mkono, huzungushwa nusu mzunguko zaidi ili kuibana washa yake mpya. Plagi iliyokwisha kutumika huhitaji kidogo sana, kama moja kwa kumi na mbili ya mzunguko. Mwenye spana ya kupimia nguvu afuate kipimo cha kitabu cha gari. Thredi zisipakwe grisi, kwani grisi humfanya fundi akaze kupita kiasi bila kujua.

Kuhusu ununuzi, barabara ya Kirinyaga, ambayo wakongwe bado huiita Grogan, ina kila kipuri, halali na bandia. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu mwaka wa 2008, lakini sheria haisimami dukani pamoja na mnunuzi. Nenda na kipimo cha umeme. Plagi yenye herufi R katika jina lake ina kizuizi ndani, na ikipimwa kutoka kichwani hadi kwenye elektrodi ya kati huonyesha maelfu machache ya ohmu, aghalabu karibu 5,000. Ikionyesha sufuri, au kama nne za kisanduku kimoja zinatofautiana mno, rudisha. Tazama pia ncha: ile inayouzwa kwa jina la iridiamu ikiwa nene kama msumari, jina hilo ni la kwenye kisanduku tu. Muuzaji anayekataa plagi isipimwe amekwisha kukujibu.

Betri ikirudishwa, washa injini na uiache itulie yenyewe kwa dakika kumi bila kukanyaga mafuta, kwa kuwa kompyuta imepoteza kumbukumbu yake na inajifunza upya. Baada ya kilomita 500 hivi, fungua plagi moja ya silinda iliyokuwa na dalili mbaya na uitazame tena. Kama rangi ni ile ile, plagi haikuwa mgonjwa, na safari inayofuata ni kwa fundi mwenye mashine ya kupima mgandamizo wa silinda.