Wanyama wa Kukokota na Asili ya Jina la Kariakoo

Wanachama wengi wa Chama chetu Kikuu walijua soko la Kariakoo kwa njia ya mizigo yao. Gunia la viazi lishushwapo katika lori karibu na Mtaa wa Mkunguni halimfikii mnunuzi ila limekwisha kupita mgongoni mwa mtu, au juu ya mkokoteni usukumwao na mtu. Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama si vibaya tukauliza kwa nini imekuwa hivyo. Mji wa London na mji wa Hamburg ililishwa miaka mingi kwa nguvu za farasi wazito, waliofugwa na kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kazi hiyo tu. Mkulima wa huko alilima kwa farasi wake, kisha akamfunga garini akapeleka mazao sokoni. Dar es Salaam haikupata mnyama wa namna hiyo. Si kwamba hakutafutwa. Alitafutwa sana, na kwa fedha nyingi, na jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kukosekana kwake.

Aliyemzuia ni mdudu. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, huumwa naye ng'ombe, farasi na punda, wakakonda, wakafa. Mwaka 1895 daktari wa jeshi la Kiingereza, David Bruce, akiwa katika nchi ya Wazulu, alionyesha kwamba vijidudu vya maradhi hayo huchukuliwa na mbung'o. Watu wa misafara hawakuhitaji darubini kujua pori lipi halipitiki na ng'ombe. Farasi, maskini, ana adui wa pili: maradhi ya farasi ya Afrika, yaenezwayo na usubi wa usiku. Yakiingia katika zizi la farasi wageni, huweza kuua 9 katika kila 10.

Wazungu wa kwanza walidhani ni jambo la barabara tu. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alipita na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaona njia inafaa kwa magari. Magari yalipoletwa mwaka uliofuata, ng'ombe wakafa. Mwaka huo huo wa 1877, matajiri wawili wa Uingereza, William Mackinnon na Thomas Fowell Buxton, walianza kukata barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, kwa nia ya kupitisha magari ya ng'ombe. Miaka michache baadaye kazi ikaachwa.

Ndipo walipokuja tembo. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliagiza tembo wanne kutoka Bara Hindi, pamoja na walezi wao, wakashushwa majini katika ghuba ya Msasani na kuogelea hadi pwani. Wakaazi wa Msasani wa leo, waonao magari yamesongamana njia nzima, pengine hawajui kwamba hapo ndipo palipojaribiwa uchukuzi wa ajabu kuliko wote. Kiongozi wa safari alikuwa Kapteni Carter. Tembo watatu walikufa njiani, mmoja tu akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi wa Desemba, naye hakuishi sana. Carter mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata katika nchi ya Wapimbwe.

Jaribio lililokaribia zaidi ufugaji wa kweli lilifanywa na Wajerumani chini ya Kilimanjaro, mwanzoni mwa karne ya 20. Bronsart von Schellendorff, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi lao, aliweka shamba la punda milia. Fikira yake haikuwa ya kipumbavu. Punda milia huishi katika nyika ile ile yenye mbung'o na usubi, na hafi. Basi akifugwa, akafundishwa kuvuta gari, au akazalishwa na farasi na punda, koloni litapata mnyama wa kukokota asiyeogopa maradhi. Huko Scotland mtaalamu wa elimu ya wanyama, Cossar Ewart, alikuwa amekwisha kumpandisha dume la punda milia juu ya farasi majike, akapata watoto wenye afya na milia iliyofifia.

Katika kazi, mambo yalikuwa mengine. Makundi yaliswagwa na kuingizwa katika maboma makubwa, na wanyama wengi walikufa kwa hofu na kwa kukimbizwa kabla hawajaonja lijamu. Waliofugika walikubali kufungwa garini, walakini walichoka upesi, na punda milia akikataa jambo halazimishwi: huuma na kupiga mateke hata mwalimu akate tamaa. Tena mtoto wake na farasi ni tasa kama nyumbu. (Nasema nyumbu wa kufugwa, ambaye watu wa pwani humwita baghala, wala si yule wa Serengeti.) Kwa hiyo kila mnyama wa kazi lazima azaliwe upya kwa gharama ile ile, wala hakuna ukoo unaoweza kuboreshwa kama ule wa farasi wazito wa Ulaya. Faida haikuonekana, na mpango ukafa. Nairobi nako daktari mmoja Mgoa, Rosendo Ribeiro, alipata sifa kwa kuwatembelea wagonjwa wake akiwa amepanda punda milia, lakini mmoja wa kupandwa si kundi la kukokota. Siku hizi wataalamu wameonyesha kwamba milia yenyewe huwatatiza nzi wasitue. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya farasi wa Uingereza waliovikwa nguo zenye milia, na mainzi wakatua kwao kwa uchache.

Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo. Nje ya reli, mzigo ulibaki kichwani. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuifanya kazi hiyo miaka mingi kama ufundi wenye heshima na ujira wa kupatana, na Kariakoo ina Mtaa wa Nyamwezi hata leo.

Vita vya 1914 viliharibu mapatano hayo yote. Waingereza na Makaburu wa Jenerali Smuts waliingia nchini mwaka 1916 na farasi wengi, wakidhani vita hivi vitapiganwa kama vile vya Afrika Kusini. Kikosi cha van Deventer kilipokwenda Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, katika mvua, kilipoteza mamia ya farasi. Na kabla ya mwaka kwisha, farasi, baghala, punda na ng'ombe walikuwa wamekufa kwa maelfu. Wajerumani nao walivunja madaraja ya reli walipokuwa wakirudi nyuma. Wakabaki watu.

Kikosi cha wachukuzi, kwa Kiingereza Carrier Corps, kilikuwa kimeanzishwa Nairobi mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins. Mwanzoni waliandikwa kwa hiari; tangu 1915 iliwekwa sheria ya kuwalazimisha. Ujira wa mchukuzi wa kawaida ulishushwa hadi rupia 5 kwa mwezi. Mwanachama azoeaye hesabu na atazame hii: mtu abebaye kilo 25 za unga, na kula kilo 1 kwa siku, akienda siku 10 na kurudi siku 10 amekula mwenyewe kilo 20, na askari amepata kilo 5. Ndiyo maana wachukuzi walihitajiwa kwa mamia ya maelfu, na ndiyo maana chakula chao kilikuwa cha kwanza kupunguzwa. Waliokufa, wengi kwa kuhara damu, wahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia warithi.

Dar es Salaam ilitekwa Septemba 1916. Wachukuzi wakawekewa kambi katika viwanja vilivyokuwa vimepimwa na Wajerumani kwa makao ya Waafrika, mahali palipojengwa banda kubwa la maonyesho. Maonyesho hayo yalikusudiwa kufanywa Agosti 1914, yakazuiwa na vita. Kinywa cha Kiswahili kikaligeuza jina la kikosi likawa Kariakoo, kama Nairobi walivyofanya Kariokor. Baada ya vita banda likawa soko. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 yawataja wachukuzi katika maandishi yake ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini majina yao hayamo. Nadhani jina la mtaa limewakumbuka vizuri zaidi, ijapokuwa wachache walitamkao wakijua maana yake.

Soko jipya, lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021. Kandokando yake, katika mitaa ambayo lori halipenyi, guta na mkokoteni ndivyo vyombo vya kazi: mkokoteni ni mbao, chuma, na magurudumu mawili ya gari kuukuu, mtu mmoja mbele akivuta na mwenzake nyuma akisukuma. Hakuna bei iliyoandikwa mahali popote. Hao ndio wapokeao mazao ya wanachama wetu alfajiri, na ujira wao hupatanwa papo hapo, gunia kwa gunia, aghalabu baada ya mzigo kuwa umekwisha kushushwa.