Jumba la Buluu la Penang: Wasia, Chokaa na Wageni

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Lakini jumba la Cheong Fatt Tze, lililo katika njia ya Leith mjini George Town, kisiwani Penang, humsimamisha mpita njia kabla hajaufikia mlango, kwa ile buluu iliyokoza ya kuta zake. Leo jumba hilo, ambalo limo katika nchi ya Malaysia, ni hoteli ya fahari, na msafiri mwenye uwezo aweza kulala katika vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya jamaa ya Mchina mmoja tajiri. Habari ya mageuzi hayo yafaa kuchunguzwa, maana imo ndani yake haja ya kila mji wa kale: nyumba ya wazee itunzwe namna gani wazee wenyewe wakiisha kuondoka?

Cheong Fatt Tze alizaliwa mwaka wa 1840 katika wilaya ya Dabu, jimbo la Guangdong, kusini mwa China. Naye alikuwa wa watu waitwao Hakka. Alivuka bahari angali kijana maskini, akafika Batavia, mji ambao siku hizi huitwa Jakarta, na huko biashara ikamnyanyua hata akawa mtu wa mashamba, meli na benki. Mwaka wa 1892 alianzisha kiwanda cha mvinyo cha Changyu katika mji wa Yantai, nacho kingaliko. Serikali ya China ilimfanya balozi wake mdogo katika Penang. Nyumba zake zilikuwa nyingi, lakini hii ya njia ya Leith, iliyomalizika mwaka wa 1904, ndiyo aliyoitukuza.

Jumba lina vyumba 38, nyua 5, ngazi 7 na madirisha 220. Mpango wake ni wa Kichina: ua ulio wazi katikati, na kumbi na vyumba kuuzunguka. Waashi walifuata elimu ya fengshui, yaani elimu ya upepo na maji, ambayo hutaka nyumba iwe na mlima nyuma yake na bahari mbele yake. Kwa elimu hiyo maji ni mfano wa mali. Kwa hiyo mvua haifukuzwi upesi, bali hushushwa kutoka paani hata uani, ikatoka taratibu chini ya sakafu. Hata hivyo, mwenye nyumba hakujifungia katika mila moja. Nguzo na vyuma vya kusubu vilitoka Glasgow, na vigae vya sakafu vilitoka Stoke-on-Trent.

Juu ya paa mna maua na wanyama walioundwa kwa vipande vya bakuli za kauri, zilizokatwa kwa makusudi. Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki atakumbuka bakuli za Kichina zilizopachikwa katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi na Mambrui. Huko bakuli ilipachikwa nzima, ipendeze kwa umbo lake. Penang fundi aliivunja ili apate jani la ua au bawa la ndege. Na kuta zenyewe zilipakwa chokaa iliyochanganywa na nili kutoka Bara Hindi. Chokaa huuacha ukuta upumue na kutoa unyevu wake, jambo ambalo mafundi wa miji ya mawe ya pwani walilijua vema.

Tajiri huyo alifariki mwaka wa 1916, na Waholanzi na Waingereza wakashusha bendera zao nusu mlingoti kwa heshima yake. Wasia wake ulikataza jumba lisiuzwe mpaka afe mwanawe wa mwisho. Alitaka kulilinda, lakini wasia waweza kumzuia mnunuzi, hauwezi kuzuia mvua. Vyumba vilipangishwa kwa watu wengi, kamba za nguo zikatundikwa mlimopita mabalozi, mbao zikaoza, na rangi ikapauka. Hali ikawa hiyo hata mwaka wa 1989, mwana wa mwisho alipofariki.

Mwaka uliofuata, jumba likanunuliwa na kikundi cha watu wa Penang wakiongozwa na msanifu majengo Laurence Loh. Wakati huo majumba mengi ya namna hiyo yalikuwa yakibomolewa ili kupisha maghorofa. Wao waliita mafundi kutoka China, wakarudisha chokaa na nili ukutani, na kauri paani. Mwaka wa 2000 kazi hiyo ilipata tuzo ya UNESCO, na mwaka wa 2008 mji wa George Town wenyewe uliandikwa katika Urithi wa Dunia.

Wako wasemao kwamba nyumba iliyogeuzwa hoteli imekufa mara ya pili: mahali pa jamaa pameingia wapangaji wa usiku mmoja, na fahari yake imekuwa ya wenye fedha tu. Neno hilo lina uzito. Lakini vyumba vya wageni havizidi 20, na asiyeweza kulala humo aweza kutembezwa kumbini kwa ada ndogo. Tena chokaa hutaka kupakwa upya mara kwa mara, na paa la kauri hutaka fundi. Gharama hizo hazilipwi kwa sifa. Fedha ya mgeni anayelala usiku ndiyo inunuayo chokaa ya kesho. Cheong Fatt Tze alikataza kuuza ili jina lake lidumu katika nyumba yake. Nalo limedumu humo, kwa sababu hatimaye nyumba iliuzwa.