Siri ya kasi ya ndege zilizotua Ziwa Naivasha

Ufuo wa Kamere leo ni wa wavuvi, wachuuzi wa samaki na wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaokuja kupunga upepo siku ya mapumziko. Anayeyatazama maji yale hawezi kudhani kwamba ziwa hili liliwahi kuwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Lakini kuanzia 1937 hadi 1950, ndege za majini zilizotoka Southampton, Uingereza, zikielekea kusini mwa Afrika, zilitua Naivasha. Abiria wa Nairobi walishuka hapa, wakamalizia safari kwa gari wakikwea ukingo wa Bonde la Ufa. Hoteli iliyojengwa mwaka ule wa 1937 kuwapokea ingalipo. Ndiyo Lake Naivasha Country Club.

Habari hizi husimuliwa kama kisa cha anasa za wakoloni, na anasa zilikuwapo kweli. Kinachonivuta zaidi ni umbo la ndege zenyewe. Ndege iliyotua Naivasha 1937 haikufanana na ile iliyokuwa ikitua Kisumu miaka sita tu kabla yake. Kilichozitenganisha ni kile kile kinachowakesheza hadi leo watu wanaojiundia ndege ndogo nyumbani: namna ya kwenda kasi bila kutegemea injini peke yake.

Shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya Afrika Mashariki Februari 1931, kituo cha mwisho kikiwa Mwanza. Sehemu ya kutoka Khartoum ilifanywa na Short Calcutta, ndege ya majini yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyounganishwa kwa mihimili na waya. Injini zake tatu zilitoa jumla ya nguvu za farasi 1,600 hivi, na kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kilomita 190 kwa saa. Ndege ya Naivasha, Short Empire, ilikuwa na injini nne za Bristol Pegasus, jumla ikikaribia 3,700. Ilikwenda kilomita 320 kwa saa.

Mtu atasema ni injini. Tupige hesabu. Kasi ikizidi mara mbili, ukinzani wa hewa huzidi mara nne, na nguvu inayotakiwa kuushinda huzidi mara nane. Kwa hiyo nguvu ya Empire, ambayo ni mara mbili na robo ya ile ya Calcutta, ingeifikisha Calcutta kwenye kilomita 250 tu, basi. Tena Empire ilikuwa na uzito wa tani 18, mwenzake tani 10. Zile kilomita 70 za ziada zilitoka kwenye meza ya mchoro ya Arthur Gouge, msanifu mkuu wa kampuni ya Short Brothers mjini Rochester.

Gouge aliondoa bawa la chini, na pamoja nalo msitu wote wa mihimili na waya. Watu huudharau waya kwa sababu ni mwembamba. Ukweli ni kwamba waya wa mviringo hukinza hewa kama mara kumi zaidi ya mhimili wa unene ule ule uliochongwa kama tone la maji, kwa sababu hewa ikishaupita hushindwa kuungana vizuri nyuma yake, ikabaki ikizunguka na kuivuta ndege. Ndege yenye mabawa mawili ilibeba waya kwa mamia ya mita. Injini nazo, ambazo kwenye Calcutta zilining'inia katikati ya mabawa, alizizamisha kwenye ukingo wa mbele wa bawa moja nene, kila moja imevishwa kifuniko.

Likabaki tatizo. Bawa lililopunguzwa ili kupata kasi hutaka kutua kwa kasi pia, na kupiga maji kwa kasi kubwa ni hatari. Gouge alibuni flapu, yaani kipande cha ukingo wa nyuma wa bawa, iliyoteleza nyuma na chini kwa mkunjo wa duara, ikiongeza eneo la bawa na kulipinda kwa wakati mmoja. Nguvu ya kuinua ikapanda kwa karibu asilimia 30. Ndege ya kwanza, Canopus, iliruka Julai 1936 chini ya rubani John Lankester Parker, na Imperial ilikuwa imeshaagiza 28 kabla hata moja haijapaa.

Naivasha iliipima kazi hiyo vikali. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ina uzito wa kama asilimia 83 tu ya hewa ya Mombasa. Bawa likipata hewa nyepesi, lazima lipite kwa kasi zaidi ndipo liinue mzigo ule ule, kama asilimia 10 zaidi. Injini nayo huvuta hewa hiyo hiyo pungufu. Na kuna maji yenyewe. Asubuhi ziwa likitulia kama kioo, maji hung'ang'ania tumbo la ndege. Ndiyo sababu chini ya tumbo hilo kulikuwa na kidato, ili hewa ipenye na kuibandua ndege ipate kuinuka. Urefu wa maji ya kukimbilia ulikuwa jambo la kufa na kupona. Machi 1939 ndege mojawapo ya Empire, Corsair, ilipotea njia ikatua kwa dharura kwenye mto Dungu, karibu na Faradje, kaskazini mashariki mwa Kongo. Iliwabidi wazibe mto kwa bwawa ili wapate maji ya kutosha, na haikuondoka hadi Januari 1940.

Mwaka ule ule wa Canopus, fundisho lile lile la kupata kasi kwa umbo lilionekana katika ndege ndogo. Beryl Markham, aliyekulia Njoro kwenye shamba la babake, aliondoka Abingdon, Uingereza, Septemba 4, 1936, akavuka Atlantiki peke yake kuelekea magharibi. Baada ya zaidi ya saa 20 angani, mafuta yakakatika akaangukia kwenye kinamasi cha Cape Breton, Kanada, akiwa hai. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka peke yake kutoka Uingereza kwa upande huo kabla yake. Ndege yake, Percival Vega Gull, ilikuwa ya mbao, yenye bawa moja na magurudumu yaliyofunikwa. Ikiwa na injini moja ya nguvu za farasi 200, aina hiyo ilifika kilomita 280 kwa saa. Ilinganishe na Calcutta na injini zake tatu.

Baada ya vita BOAC, shirika lililochukua nafasi ya Imperial, lilileta Naivasha ndege za Solent zenye deki mbili. Ziliondolewa Novemba 1950, zikaziachia nafasi ndege za nchi kavu. Gouge alikuwa ameondoa karibu kila kilichoondoleka, lakini tumbo la mashua halikuondoleka. Lilipaswa kuwa refu kwenda juu ili rafadha ziepuke maji yanayoruka, lipasuliwe kidato chini, na vielea vya mabawa vining'inie njiani mwa hewa safari nzima. Ndege ya nchi kavu hukunja magurudumu yake ikayaficha.

Hesabu ile ile ndiyo iliyomwongoza Burt Rutan wa Marekani alipowapa waundaji wa nyumbani VariEze, iliyoruka mara ya kwanza 1975, kisha Long-EZ mwaka 1979. Hizi ni ndege za kanadi: bawa dogo mbele, kubwa nyuma, rafadha ikisukuma kutoka mkiani. Kwa kawaida mkia wa ndege husukuma chini ili kuleta mizani, na bawa hulazimika kuubeba mzigo huo. Bawa la mbele la kanadi huinua. Kwa nguvu za farasi 115, Long-EZ hukaribia kilomita 300 kwa saa.

Naipenda mno ndege hii, lakini ina gharama. Kwa usalama, bawa la mbele lazima liishiwe na nguvu ya kuinua kwanza, ili pua ishuke yenyewe. Hivyo bawa kubwa halifiki kamwe kwenye uwezo wake wa mwisho, wala haliwezi kupewa flapu kubwa kama ya Gouge, kwa kuwa bawa dogo la mbele halina ubavu wa kuisawazisha. Ndege hutua kwa kasi na hutaka njia ndefu iliyo laini. Bawa la mbele la miundo ya awali lilikuwa jepesi kuvurugwa: mvua kidogo au wadudu walioganda kwenye ukingo viliweza kuishusha pua, hadi John Roncz alipochora umbo jingine la bawa hilo.

Kijana wa Bonde la Ufa anayetaka kuunda kanadi yenye kasi atapata kilomita zake kwa kuziba nyufa, kulainisha ukingo wa bawa na kubana matundu ya kupozea injini. Kabla ya kununua kitambaa cha glasi cha kuundia ndege, achukue kasi ya kutua iliyoandikwa kwenye ramani za ndege kwa usawa wa bahari, aiongeze asilimia 10 ya Naivasha, kisha aende kupima urefu wa kiwanja anachokusudia kutumia, saa nane mchana jua likiwa kali.