Wosia wa mzazi: kutoka Misri ya kale hadi kwetu Singida

Kijana anapokaribia kuoa, kuolewa au kwenda mjini kutafuta maisha, mzee humwita pembeni na kumpa maneno machache. Kwetu Singida maneno hayo, yawe ya Kinyaturu, Kinyiramba au Kiswahili, husemwa kwa mdomo. Kwingine wapo walioyaandika, na ndiyo maana tunaweza kuyasoma hadi leo.

Misri ya kale

Miaka ipatayo 4,000 iliyopita, Wamisri walikuwa na maandishi ambamo baba humuusia mwanawe. Wosia mmoja una jina la Ptahhotep, waziri wa mfalme. Unamwonya mtu asijivunie elimu yake, bali ashauriane na asiyejua kama anavyoshauriana na mwenye hekima. Neno jema, anasema, ni adimu, lakini laweza kupatikana hata kwa wajakazi wanaosaga nafaka.

Wosia wa Amenemope, ulioandikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, unakataza kusogeza mpaka wa shamba, kumdhulumu mjane na kuchezea mizani. Mkulima wa vitunguu aliyewahi kulazimishwa kujaza lumbesa ataelewa mara moja. Maonyo yanayofanana na hayo yamo katika Biblia, Mithali sura ya 22 na ya 23.

Mawaidha haya yalidumu kwa sababu wanafunzi waliojifunza kuandika walipewa kuyanakili.

Pate na Tanga

Waswahili nao wana wosia wao. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya, alikuwa mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alikuwa ameshafariki. Akamtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti zipatazo 100. Anaanza kwa kumwita akae karibu, aje na wino na karatasi. Kisha anamfundisha kushika dini, kusema kweli, kuwa na adabu, kuishi na mume na kuwajali wenye shida.

Sehemu inayohusu utii kwa mume bado inabishaniwa. Wapo wanaoona inamfunga mwanamke. Wengine wanaona ni mama mjane akimpa binti yake mbinu za kuishi salama katika dunia ya wakati ule.

Hapa Tanzania, Shaaban Robert wa Tanga (1909–1962) aliwatungia watoto wake tenzi mbili: Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume.

Na sisi?

Si kila neno la wazee lazima lifuatwe. Kama utendi wa Mwana Kupona unavyojadiliwa, ya kwetu nayo yanaweza kupimwa. Lakini huwezi kulipima neno lililozikwa pamoja na aliyelisema.

Mwana Hashima alihitaji wino na karatasi. Wewe una simu, na simu nyingi hurekodi sauti. Jioni, kazi zikiisha, mwombe bibi au babu ruhusa, kisha muulize: ungekuwa na neno moja tu la kuwaachia wajukuu, ungesema nini? Mwache aseme kwa lugha yake. Halafu andika jina lake na tarehe, na nakala nyingine mpe ndugu aitunze, maana simu nayo hupotea.